Wimpy, Steers na ule mgahawa wetu wa Rwagasore

Watu wa Mwanza tukikaa kukumbushana mambo ya zamani utasikia meli ya MV Victoria, utasikia kiwanda cha Mwatex, utasikia timu ya Pamba ile iliyokuwa inajaza uwanja wa Nyamagana, na mtu mzima akishafika hapo macho yanaanza kung'aa na hakuna anayemwambia aache. Ila jaribu wewe kusema umeukumbuka mgahawa wa kuku na chipsi. Wanakuangalia tu. Chipsi? Si ziko kila kona, anza kuhesabu mabanda kutoka mjini mpaka Mabatini utachoka. Sasa leo naandika kuhusu chipsi hizo hizo, na baga, na kuku wa kwenye sinia la plastiki, kwa sababu kuna migahawa niliipenda kutoka moyoni, ikafungwa, hakuna aliyeililia, na mimi mpaka leo inaniuma.

Nianze na wa kwetu. Jina silitaji, wenyewe na familia yao bado wapo hapa mjini na sijawaomba ruhusa, ila kama ulikuwa Mwanza mwishoni mwa miaka ya 90 utaujua tu. Ulianza mtaa wa Rwagasore, wakaja kufungua Kirumba, mwisho Igoma. Matawi matatu. Leo mtu anaweza kuona ni kitu kidogo lakini enzi hizo Mwanza ilikuwa bado manispaa, ujiji tumeupata mwaka 2000, na familia nyingi zilikuwa hazili nje labda mtu awe safarini. Hoteli zilikuwepo bana, wali maharage, supu ya asubuhi, sato wa kukaanga, chai na chapati, na vilikuwa vitamu sana, hilo sibishi. Ila ule mgahawa ulikuwa kitu kingine.

Mlango wa kioo. Vigae vyekundu na vyeupe ukutani mpaka usawa wa kifua cha mtu mzima, juu ya kaunta kuna mabango yanawaka taa kwa ndani yana picha za chakula na kila picha ina namba yake, kwa hiyo huna haja ya kutaja majina, unasema tu nipe namba nne na Fanta, basi. Alafu unalipa kwanza. Hii ya kulipa kabla hujala iliwasumbua wazee wengi, baba mdogo wangu alisimama pale kaunta siku ya kwanza akamuuliza dada wa kaunta, "Mwanangu, nikishakulipa halafu kuku akawa mbichi, nani atanirudishia hela yangu?" Yule dada akamjibu kwa upole kabisa, "Baba, akiwa mbichi rudi hapa hapa, mimi sitakuwa nimeenda popote." Akalipa. Kuku hakuwa mbichi, na baba mdogo akawa ndo mtu wa kwanza kutukumbusha mwisho wa mwezi kwamba watoto hawajapelekwa mjini siku nyingi.

Chakula kinakuja kwenye sinia jekundu lililotandikwa karatasi nyeupe, na mpaka ufike mezani ile karatasi imeshaanza kupiga madoa ya mafuta. Vipande viwili vya kuku, paja na kidari, vina unga kwa nje umekauka vizuri una pilipili manga ya kutosha, ukiuma unasikia kwanza ule ukavu halafu nyama inatoa mvuke. Pembeni kibakuli kidogo cha kabichi iliyokatwa nyembamba na karoti, imechanganywa na mayonezi, baridi kabisa imetoka kwenye friji. Sisi kabichi tulikuwa tunaijua ya kukaanga na nyanya au ya kachumbari, hii ya baridi nyeupe nilipoionja mara ya kwanza niliishikilia mdomoni nikawa najiuliza nimeze au niiteme, nikameza, nikamalizia ya mdogo wangu. Na soda ilikuwa haiji kwenye chupa, inamiminwa kwenye glasi ya karatasi yenye kifuniko na mrija, yaani unaweza ukatoka nayo ukatembea nayo barabarani mpaka stendi ya daladala na hakuna mtu wa kukufuata nyuma anadai chupa yake! Kwa mtoto huo ni uhuru ambao siwezi hata kuueleza.

Chipsi zenyewe ndo usiseme. Walikuwa na kikatio cha chuma kimefungwa kwa bolti kwenye meza nyuma ya kaunta, unamuona kijana anaweka kiazi kilichomenywa, anavuta mpini chini, kiazi kinapita kwenye wavu wa visu kinadondoka kwenye ndoo ya maji kimeshakuwa vijiti vya unene mmoja. Dada mmoja jirani yetu alikuwa anafanya kazi jikoni pale (ndo nitakayemwongelea tena mbele) na ndiye aliyetuambia siri yake, kwamba zile chipsi zilikuwa zinakaangwa mara mbili. Mara ya kwanza mafuta hayajachemka sana, zinaiva ndani bila kubadilika rangi, zinatolewa zinapumzishwa zinapoa, halafu mteja akitoa oda ndo zinarudishwa kwenye mafuta makali dakika chache tu mpaka ziwe za dhahabu. Ndo maana zilikuwa zinakauka nje na ndani laini na hazilegei hata ukizibeba mpaka nyumbani. Nimekuja kusoma baadaye nikakuta hiyo ni kanuni ya chipsi inayojulikana hata nje, Wabelgiji wanafanya hivyo, lakini mimi niliijua kwa dada wa Rwagasore.

Tulikuwa tunaenda Jumamosi ya baada ya mshahara. Baba alikuwa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na wafanyakazi wa viwanda vya samaki ndo walikuwa wanaujaza ule mgahawa, ukifika saa nane mchana unakuta familia nzima nzima, kina baba bado mikono inanuka samaki kwa mbali hata wakijipiga sabuni mara ngapi, kina mama wamevaa vitenge vya kutokea, watoto tumekaa tumenyooka. Mwaka 1999 Ulaya wakafunga soko la samaki wa ziwa letu lote, Kenya Uganda na Tanzania, kwa sababu ya habari za samaki waliovuliwa kwa sumu. Viwanda vikasimama. Baba akakaa nyumbani, na mgahawa nao tukaona ukipwaya, ukipita unawaona wahudumu wamesimama wanaangalia barabarani. Soko lilipofunguliwa tena tukarudi. Nakumbuka mama alivyosema siku hiyo, kwamba akiona tena lile sinia jekundu ndo anajua mwezi umekaa sawa.

Sasa kitu ambacho nataka nikiseme, na ndo sababu ya haya maandishi yote, nilikielewa siku niliyoenda tawi la Kirumba. Tulienda na wenzangu wa shule, sijawahi kuingia kule kabla, na nimeingia nakuta vigae vile vile, mabango yale yale, namba nne ni namba nne, kabichi ni ile ile. Nilikaa nikawa najiona kama nimefika nyumbani kwenye mtaa ambao simjui mtu hata mmoja. Mama ntilie unayempenda ni wa pale pale alipo, ukitaka mkono wake umfuate. Mgahawa wenye matawi unakupa ahadi: nenda popote nilipo, utanikuta mimi yule yule. Kwa mtoto wa Mwanza ambaye dunia yake inaishia Usagara upande huu na Magu upande ule, ile ahadi ilikuwa na maana kubwa kuliko kuku mwenyewe.

Alafu ikaja Nairobi. Shangazi yangu aliolewa kule na likizo moja ya Desemba tukapandishwa basi la Akamba (na Akamba nayo imekufa, Mungu awape pumziko wale madereva waliokuwa wanatufikisha), tukapita Bunda, Tarime, tukagongewa karatasi zetu pale mpakani Sirari, Migori, Kisii, tumefika Nairobi miguu imevimba. Shangazi alikuwa na ahadi yake kwetu tangu kwenye barua: nitawapeleka Wimpy. Na alitupeleka. Mjini kati, watu wengi, viti vya kukaa wanne wanne vimeshonewa ngozi ya plastiki, na ajabu ni kwamba hapo huchukui sinia mwenyewe, unakaa anakuja mhudumu anaandika oda, baga inaletwa kwenye sahani na kisu na uma. Shangazi akatuambia, "Kuleni kwa mikono wanangu, hapa hamna mwalimu." Baga ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoota, ina kitunguu kimekaangwa na nyama yake, na mkate umepigwa moto kidogo kwa ndani. Nikaonja chipsi. Nikamwangalia mdogo wangu, naye ananiangalia. Zilikuwa za Rwagasore! Unene ule, ukavu ule, chumvi ile. Mpaka leo naamini mwenye mgahawa wetu kuna siku alikaa kwenye viti vile vya Nairobi akaangalia kila kitu kwa makini, akarudi Mwanza akasema na sisi tutakuwa nacho. Na mimi kwa hilo namheshimu sana yule mzee, maana angeweza kusubiri Wimpy yenyewe ije Mwanza, na isingekuja kamwe.

Wimpy historia yake ni ndefu na imepita kwenye mikono mingi. Ilianzishwa Marekani miaka ya 1930 na Edward Gold, lakini iliyotufikia sisi ni ya Kiingereza, kwa sababu mwaka 1954 kampuni ya J. Lyons, hao hao wa chai, walifungua Wimpy ya kwanza London kwenye jengo lao la Coventry Street, ikapendwa, ikawa mamia ya migahawa Uingereza nzima, ikavuka bahari, Durban wakaipata mwaka 1967. Ndo maana ilikuwa na sahani na uma, ile ni tabia ya Waingereza wa enzi hizo, baga ililetwa mezani kama chakula cha jioni. Kule Marekani kwenyewe ilikotoka, Gold alipofariki miaka ya 70 ikaishia hapo. Uingereza nako mwaka 1977 Lyons wakaiuza kwa United Biscuits, mwaka 1989 ikanunuliwa na Grand Metropolitan ambao tayari walikuwa na Burger King, na migahawa mingi ikabadilishwa bango ikawa Burger King. Hebu fikiria wewe una meza yako ya dirishani kwenye mji wako mdogo, hakuna aliyekuudhi, chakula hakijaharibika, unaamka asubuhi unakuta jina limeshushwa kwa sababu ya karatasi zilizosainiwa na watu ambao hawajawahi kukaa kwenye ile meza.

Wimpy haijafa dunia nzima, Afrika Kusini ipo mpaka barabara kuu, watu wanashuka hapo wakiwa safarini wanakunywa kahawa. Lakini ile niliyopelekwa na shangazi haipo. Na hii inauma kwa namna yake, kujua kwamba kitu chako kinaendelea kuishi sehemu nyingine ila kwako kimeondoka.

Steers nitaipitia haraka kwa sababu nilikuwa mtu mzima tayari, niko chuo Dar. Ilikuwa pale kona ya Samora na Ohio. Tulikuwa tunashuka na daladala mpaka Posta boomu (hela ya mkopo wa wanafunzi) likiingia, baga yao ilikuwa inachomwa kwenye moto wa wazi na chipsi zao ni nene, sio kama za Wimpy, na nilizipenda kwa sababu nyingine kabisa, kwa sababu ya watu niliokuwa nao pale. Ila kuna kitu nimekijua baadaye kimenigusa: Steers na Wimpy ziko chini ya mwenye mali mmoja, kampuni ya Famous Brands ya Afrika Kusini, ambao mwaka 2007 wakanunua na Wimpy ya Uingereza. Yaani shangazi alinilisha Nairobi nikiwa mtoto na rafiki zangu wakanilisha Dar nikiwa mkubwa, na kumbe ni majina ya nyumba moja. Zote mbili kwenye kona zile sizikuti tena.

Siku hizi usiku nikikosa usingizi nasoma habari za migahawa ya Marekani iliyokufa, na Wamarekani hilo hawalionei aibu hata kidogo, wanaandika, wanatunza menyu, wanatunza vikombe, wana picha za kila jengo. Howard Johnson's ndo imenishika zaidi. Ilianza mwaka 1925 Quincy, Massachusetts, kwa duka la dawa lenye kaunta ya soda na aiskrimu, wakafikisha ladha 28 za aiskrimu, wakawa na paa la rangi ya chungwa ambalo dereva analiona kwa mbali barabarani anajua watoto watakula na choo kitakuwa kisafi. Ilifika zaidi ya migahawa 1,000. Na jikoni kwao miaka ya 60 alifanya kazi Jacques Pépin, mpishi Mfaransa aliyewahi kumpikia de Gaulle, kiongozi wa Ufaransa, ambaye aliitwa akapike Ikulu ya Marekani kwa Kennedy akakataa, akaenda Howard Johnson's! Akakaa kama miaka 10 anafanya kazi ya kuhakikisha mchuzi unaopikwa kwa masufuria makubwa unakuwa mtamu na unakuwa ule ule kila tawi. Mimi hiyo habari nikiisoma nasikia raha, kwa sababu kuna watu wanadhani chakula cha matawi hakina moyo, kimetoka tu kwenye mashine, na kumbe kuna bingwa aliyeutoa ujana wake kwa ajili ya sahani ya mtu anayepita njia. Mwaka 2022 ndo ulifungwa wa mwisho kabisa, Lake George, New York.

Kuna na Burger Chef ya Indianapolis, miaka ya 70 ilikuwa inaifuata McDonald's kwa ukubwa, na ile pakiti ya chakula cha mtoto yenye kichezeo ndani, wao walikuwa nayo mwaka 1973, McDonald's wakaja na ya kwao mwaka 1979. Walinunuliwa na kampuni kubwa ya vyakula mwaka 1968, wakakuzwa haraka kupita nguvu zao, mwaka 1982 wakauzwa kwa wenye migahawa ya Hardee's, mabango yakabadilishwa, mwaka 1996 wa mwisho ukafungwa. Na ile Automat ya Horn & Hardart, Philadelphia mwaka 1902, New York mwaka 1912, ambayo unatumbukiza sarafu kwenye tundu unafungua kidirisha cha kioo unatoa kipande chako cha pai, kahawa kwa senti 5 miaka na miaka, mfanyakazi wa bandari na mwenye suti wanakaa meza moja. Mwaka 1991 ya mwisho ikafungwa. Nikisoma hizi sijihisi mgeni. Sijawahi kuona paa la chungwa hata moja lakini naijua ile hali, unapita sehemu unageuza shingo bila kutaka na unakuta wanauza kitu kingine.

Wetu wa Rwagasore uliuawa na nini? Nimewaza sana hili. Watu wanasema mabanda ya chipsi ndo yaliuua, mimi sikubali, mabanda yalikuwepo tangu mwanzo na watu wa zege (chipsi mayai) walikuwa wale wale. Ulianza kufa mwaka 2006, mwaka wa ukame, mabwawa ya umeme yamekauka, mgao unakata mchana kutwa. Fikiria mgahawa ambao kila kitu chake kinategemea umeme, mabango, friji ya kabichi, friza ya kuku, vikaangio. Wakaweka jenereta pale nje, likawa linanguruma na moshi unaingia mpaka mezani, na dizeli inapanda bei. Mwenye banda yeye ana mkaa wake na karai lake, umeme ukatike usikatike anakaanga. Igoma wakafunga kwanza. Halafu kufika 2008 samaki wamepungua ziwani, soko la Ulaya linayumba, viwanda vinapunguza zamu, wale baba zetu wa Jumamosi hawapo tena. Kirumba ikafungwa. Rwagasore ikajikongoja, wakaanza kuondoa namba kwenye mabango moja moja, wanafunika kwa karatasi ya manila. Namba saba haipo. Namba mbili haipo. Siku namba nne ilipofunikwa nilijua.

Na hapa ndo ninapopata shida moyoni, kwa sababu kitu nilichokipenda ndo hicho hicho kilichoufanya usiweze kuishi. Kule kufanana. Ukishaahidi kwamba chipsi zitakuwa zile zile kila siku kila tawi, basi unahitaji kiazi kile kile, mafuta yale yale, baridi ile ile, na siku kimoja kikikosekana huna pa kujificha. Tuliona Januari 2022 Kenya, KFC waliishiwa chipsi. Kenya! Nchi imejaa viazi, na wao wakasema viazi vyao vinatoka nje ya nchi na meli zimechelewa, watu wakakasirika kwelikweli, wakulima wanauliza vyetu vina kasoro gani. Jibu ni kwamba yale makampuni yana utaratibu wao wa kumkubali mkulima, lazima apimwe akubaliwe, hawawezi kuchukua gunia sokoni hata kama linaonekana zuri. Mama ntilie kiazi kikipanda bei anakaanga muhogo, muhogo ukikosekana analeta viazi vitamu, na wateja wanakaa pale pale wanakula. Anaishi kwa sababu anabadilika. Namwona Mwaloni, namwona Kamanga pale kivukoni, ameshapita migao yote na bei zote na yupo. Namheshimu. Lakini heshima yangu kwake hainizuii kumlilia yule ambaye hakuweza kubadilika, kwa sababu kutobadilika ndo ilikuwa zawadi yake kwetu.

Najua kuna watakaosema sasa hivi tuna Rock City Mall, kuna kuku wa kila aina, kuna baga zinaletwa na bodaboda mpaka mlangoni Nyegezi. Kweli. Wanangu wanakula na wanafurahi na hiyo ni haki yao, watakuja kuwa na za kwao za kukumbuka. Nilichokuwa nakitaka mimi ni kwamba hata moja ya zile karatasi za menyu iwe imetunzwa mahali. Nimeuliza ndugu, nimeuliza watu niliosoma nao, kila mtu ana picha ya harusi, ana picha ya Bismarck Rock, ana picha amesimama kwenye daraja jipya la Kigongo na Busisi, hakuna mwenye picha ya mle ndani. Hata moja. Kamera ilikuwa inakodishwa kwa vitu vya maana, na hakuna aliyejua kwamba chipsi nazo ni kitu cha maana.

Aliyebaki na kitu ni yule dada wa jikoni. Mgahawa ulipofungwa vitu viliuzwa, na yeye mshahara wake wa mwisho aliuchukua kwa kile kikatio. Anacho mpaka leo, amekifunga kwa bolti kwenye meza yake ya mbao pale Buzuruga, anauza chipsi jioni, na anakaanga mara mbili. Kuna wateja wananung'unika kwamba anachelewesha, wanataka zilizokwisha iva ziko kwenye kioo, yeye anawaambia subirini, na wanasubiri. Nikienda nakaa kwenye benchi nyuma yake tunaongea yale ya zamani mpaka daladala za mwisho. Chipsi ni zile. Hilo nawaambia kwa ukweli wa moyo wangu, ukifumba macho ni zile. Kuku hana, anasema kuku mtaji wake ni mwingine na unga ule aliyekuwa anauchanganya ni mwenye mali mwenyewe, akijifungia stoo, hakuna aliyewahi kuonyeshwa.

Kabichi ndo tunabishana. Mimi nasema ilikuwa na ndimu, naikumbuka ule uchachu wake kwenye pembe za ulimi. Yeye anasema, "Mdogo wangu, mimi ndo nilikuwa naikata, ilikuwa siki, na sukari kijiko kimoja kwa bakuli kubwa." Sukari sikuitegemea kabisa. Nimeshanunua siki, mayonezi ninayo, karoti na kabichi anasema nisilete atanunua mwenyewe zile ngumu za asubuhi, na Jumapili tunatengeneza mabakuli mawili, la kwake na la kwangu, na baba mdogo ameshaambiwa aje aonje.